Rudia Tena, Baba

Jamani habari zenu. Wale wa nyuma kabisa mnanisikia? Haya. Mada niliyopewa ni mapenzi, muziki na maisha, mada ambayo kwa kweli mtu anaweza kuizungumzia mpaka viti vikaota mizizi, sasa mi nimeamua nisiiguse yote, nachukua kijikona kimoja tu ambacho nakifahamu kama mume na kama baba, nacho ni kurudia. Kurudia jambo lile lile leo, kesho, keshokutwa. Kwa sababu kuna maneno yanazunguka sana, hasa vijana wakitaka kuoana, eti mazoea yanaua mapenzi, eti mkishazoeana tu habari imeisha. Mi nakataa. Na shahidi wangu ni muziki.

Tuanze na watoto maana wao hawana unafiki. Mtoto wa miaka mitatu akipenda wimbo haombi mwingine, anasema "tena". Ukiumaliza, "tena". Ukijaribu ujanja wa kuruka ubeti ili na wewe ukapumzike anakaa wima kitandani anakutazama kama hakimu, "baba, umeruka pale pa sungura". Na ukirudi pale pa sungura anaanza kucheka kabla hujafika, yaani kicheko kinamtangulia sungura. Hapo ndo pa kupaangalia vizuri. Anacheka kwa sababu anajua kinachokuja. Ubongo wetu ukisikiliza muziki muda wote unabashiri, sauti gani inafuata, pigo litaangukia wapi, ukibashiri ikawa kweli kuna raha yake, na ukizungushwa kidogo alafu ukafikishwa pale pale ulipopataka ndo raha inazidi. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Canada, waliwapima watu wakisikiliza zile nyimbo zao zinazosimamisha vinyweleo, wakakuta ubongo unatoa dopamini, kemikali inayohusika pia na raha ya kula na mambo mengine mazuri ambayo siyataji hapa kwa sababu naona kuna watoto mstari wa mbele, na kilichonifurahisha mimi ni kwamba dopamini ilianza kutoka kabla hata lile eneo tamu la wimbo halijafika. Kicheko kinamtangulia sungura, si ndo hayo hayo?

Sasa akina baba kaeni vizuri, hii inatuhusu. Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni, ile miezi mitatu ya mwisho masikio yanafanya kazi, na anachokisikia zaidi ya kitu chochote ni sauti ya mama yake maana inamfikia kwa nje na kwa ndani pia, kupitia mwili wenyewe. Mwaka 1980 Marekani wanasaikolojia DeCasper na Fifer walichukua watoto wenye siku chache tu duniani wakawapa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na mashine ya kurekodi, mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akibadili mwendo anasikia sauti ya mwanamke mwingine. Vitoto vile, ambavyo hata shingo havijaimudu, vikajifunza kunyonya kwa ule mwendo unaomleta mama. Inapendeza, eeh? Miaka minne baadaye DeCasper na mwenzake mwingine wakafanya jaribio kama hilo kwa sauti za akina baba. Baba dhidi ya mwanaume mwingine yeyote. Matokeo: sare. (Kicheko.) Msicheke sana, sisi ndo tunaolipa ada. Na baadhi ya hao akina baba walikuwa wameshakaa na watoto wao saa kadhaa wakiongea nao, lakini wapi, mtoto hana habari, kwake wewe na jamaa wa mtaani ni wale wale.

Hiyo habari wengine inawaumiza, mi iliniondolea mzigo. Maana yake ni kwamba ubaba hauji na sauti, unarudiwarudiwa mpaka unaingia. Unamwimbia leo hakujui, kesho hakujui, siku inafika analia chumbani unasema neno moja tu mlangoni ukiwa hujamgusa na ananyamaza kusikiliza. Hakuna njia ya mkato hapo. Na msinambie hamna sauti ya kuimba. Huko huko Montreal mwaka 2015 walichapisha utafiti, watoto wa miezi sita mpaka tisa waliwekwa kwenye chumba bila midoli wala kitu cha kuchezea, wakasikilizishwa rekodi, wengine maneno ya kumbembeleza mtoto, wengine nyimbo za Kituruki, lugha ambayo hawajawahi kuisikia. Wa maneno walivumilia dakika kama nne wakaanza kununa na kulia, wa nyimbo walienda mpaka dakika kama tisa. Dakika tisa mzee! Mwenye mtoto mchanga anajua dakika tisa ni mali kiasi gani, unaoga na sabuni unaitoa yote.

Sasa kurudia sio lazima uanze na wimbo. Hata maneno ya kawaida ukiyarudia vya kutosha yanageuka wimbo yenyewe, na hili silisemi kwa utani. Diana Deutsch, mtafiti wa sauti na muziki kule California, mwaka 1995 alikuwa anahariri rekodi ya maneno yake mwenyewe, akaacha kipande kifupi kinajirudia kwenye mashine huku anaendelea na shughuli zake, baada ya muda akashangaa, mbona kuna mtu anaimba humu ndani? Kumbe ni yeye, ni ile ile sentensi, hakuna kilichobadilishwa hata kidogo. Na cha ajabu zaidi, ukishaisikia kama wimbo haikutoki, ukirudishiwa hotuba nzima toka mwanzo inaenda kama hotuba ya kawaida alafu ikifika pale panaimba.

Niliposoma hiyo nikaitikia kwa sauti, maana kwangu lipo. Mke wangu ana sentensi yake, "nani kaacha taa ya bafuni inawaka?" Ameisema sana, kwa miaka, na mtuhumiwa hapatikani mpaka leo. Basi siku hizi watoto wanaiimba. Na hawaimbi hovyo, wana tyuni: "naaani" inaanzia juu, "kaacha taa" inashuka mbio mbio, "ya bafuni" wanaivuta, alafu kuna kituo kidogo, kile kituo ambacho mama mwenyewe huwa anakiweka akisubiri mtu ajitokeze, wamekipima barabara, ndipo wanamalizia "inawaka" wote kwa pamoja na mdogo wao anaongeza mguno wa kwangu, ule ninaoutoa nikiwa sitaki kuulizwa. Mama yao akawakuta siku moja wako katikati ya shoo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri, sasa mwimbaji mkuu akaizime.

Ndo namna kelele za nyumbani zinavyogeuka urithi. Sisi wazazi tunadhani watoto watatukumbuka kwa mawaidha mazito tuliyowapa tukiwa tumekunja sura, kumbe wanarekodi taa ya bafuni.

Tuje kwenye ndoa yenyewe. Hapa nina ugomvi na nyimbo za mapenzi, nazipenda ila zinanikera, kwa sababu karibu zote zinaishia mlangoni. Nakutaka, nakufa, silali, njoo, alafu ama kaja ama kakataa, wimbo umeisha. Nani ameimba kuhusu zamu ya kuamka usiku mtoto akiwa na homa? Mwangalieni Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani. Alimpenda Clara Wieck, mpiga piano hodari kuliko yeye, baba wa binti akakataa katakata, wakafika mpaka mahakamani, wakaoana tarehe 12 Septemba 1840, siku moja tu kabla Clara hajatimiza miaka 21. Mwaka huo Robert alitunga nyimbo zaidi ya 100. Mwaka mmoja! Ndo homa ya mlangoni hiyo. Mwaka uliofuata akahamia kwenye simfoni, ile miziki mirefu ya okestra, na nyumbani maisha yakaanza, piano zinagombana, Robert akitunga Clara hawezi kufanya mazoezi maana sauti inapita ukutani inamvuruga, na watoto wakaja, wanane. Walikuwa na daftari la ndoa wanapokezana kuandika, wiki wewe wiki mimi, mambo ya nyumba, malalamiko, shukrani. Dunia inazikumbuka zile nyimbo na ni haki yake, ila mi mume wa mtu daftari ndo linanivutia. Nyimbo unaweza kuziandika ukiwa umechanganyikiwa. Daftari la zamu linataka mtu aliyekaa.

Kuna kipande cha muziki cha Ravel, mtunzi wa Ufaransa, cha mwaka 1928, Boléro, najua wengi mmekisikia hata kama hamjui jina lake. Kinaenda kama robo saa, na mwanzo mpaka mwisho kuna mtu mmoja ana kingoma kidogo anapiga mdundo ule ule, ule ule, habadilishi. Juu yake melodi zinajirudia, vyombo vinaingia kimoja kimoja, filimbi, klarineti, tarumbeta, mpaka okestra nzima inanguruma, na ukumbi mzima unatazama tarumbeta. Mi namtazama yule wa kingoma. Ndoa yangu mi naiona pale. Kila usiku tukizima taa mke wangu ananiuliza, "umefunga mlango?" Na anajua nimefunga, kanisikia nikizungusha ufunguo. Namjibu, nimefunga. Hilo swali halitafuti habari yoyote. Siku ambazo tumenuniana, na zipo, tunaweza kukaa jioni nzima hatusemeshani lakini swali linaulizwa, kwa sauti ya chini, kavu, na jibu linatoka hivyo hivyo, kavu, na hapo najua kesho tutaongea. Wale wanaume wanaosema "nilishamwambia nampenda, nikibadilisha mawazo nitamjulisha", jamani, mngempa huyo kingoma angepiga mara moja akaenda zake nyumbani.

Na sio kwamba kurudia ni kwa wavivu wa kufikiri. Elizabeth Margulis, mtafiti wa muziki huko Marekani, alichukua vipande vya watunzi wakubwa wa karne ya 20, Luciano Berio na Elliott Carter, ambao makusudi kabisa hawakupenda kurudiarudia, akavikatakata kwa kompyuta akaingiza marudio hivi hivi, bila ufundi wowote. Waliosikilizishwa wakavipenda zaidi vile alivyovichezea, na wakaona ndo vina uwezekano mkubwa wa kuwa vimetungwa na mtu, sio na kompyuta. Yaani watunzi wamekesha na kalamu, anakuja mtu na kopi na pesti anapigiwa makofi.

Basi mtu ataniuliza, sasa kipimo ni kipi, maana kuna kurudia kunachosha. Kweli kupo. Erik Satie, mtunzi Mfaransa, aliacha ukurasa mmoja wa muziki wa piano wenye maelekezo yanayosomeka kama kwamba upigwe mara 840. Mwaka 1963 mjini New York mtunzi wa Marekani John Cage akakusanya wapiga piano wakapokezana wakaupiga hivyo kweli, ikachukua zaidi ya saa 18. Mzazi yeyote aliyewahi kuletewa zawadi ya mdoli unaoimba kwa betri atasema saa 18 mbona chache. Mdoli unachosha kwa sababu kila mara ni ule ule kabisa, haukuoni. Mtu akirudia wimbo anaurudia na hali yake, leo kachoka, leo ana mafua, leo amefurahi anauharakisha, na mtoto anajua tofauti. Hata yule wa kingoma, mdundo habadilishi lakini anaanza kwa kunong'ona na anamaliza kwa kishindo.

Watoto wangu wakubwa sasa wana hedifoni, hawaombi tena "tena", na muziki wao kwangu ni kelele, nasema wazi. Ila najua kwa nini. Nyimbo tulizozipenda ujanani zinatuganda kuliko zitakazokuja baadaye, watu wazima wengi wakiulizwa nyimbo za maisha yao wanataja za ule umri, kwa hiyo kila kizazi kina hakika kwamba muziki ulikufa pale wao walipoanza kulipa kodi ya nyumba. Wangu nao watawakera watoto wao. Isitoshe masikio yenyewe umri unayala kuanzia juu, zile sauti nyembamba kabisa wao wanazisikia mi sizisikii, kwa hiyo inawezekana kuna uzuri humo ndani ambao mi haunifikii kimwili, na mwanangu amelielewa hilo vizuri sana, siku hizi nikilalamika kuhusu wimbo wake ananijibu kwa upole, "baba, hujausikia wote".

Naona mwenye saa ananipungia. Maswali karibuni, ya mapenzi, ya muziki, hata ya watoto. Ya kutaka niimbe muulizeni mama watoto, yule pale wa pili kutoka dirishani, ndo mwenye mamlaka ya kukataa, na naona ameshaanza kutikisa kichwa.