Mwanapunda hapati choo: inua mkia kwanza

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi maafisa ugani mliotoka Magu na Kwimba, karibuni Mwanza. Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa matumbo ya watoto wa farasi waliozaliwa na kasoro. Najua mnajiuliza: farasi wako wapi huku Usukumani? Mimi mwenyewe nimewaona wa kuhesabu. Lakini punda mnao, na tumbo lake halina tofauti kubwa na la farasi.

Mtoto akizaliwa, kinyesi cha kwanza, kile cheusi kinachonata kama lami, hutarajiwa kuanza kutoka ndani ya saa 12 hivi. Kisipotoka anakunja mgongo akijikamua, anapigapiga mkia, anabingirika, ananyonya kidogo na kuacha. Mfugaji husema amefunga choo, na mara nyingi kasema kweli: kimekwama tu, enema, yaani kumwingizia njia ya haja maji ya vuguvugu yenye sabuni laini, itakitoa. Ugomvi wangu ni na anayekimbilia enema, au mafuta ya kula, kabla ya kuinua mkia. Nausema kwa aibu, maana nikiwa mgeni kazini nilimnywesha mwanapunda mafuta asubuhi nzima, kumbe tundu la haja halikuwepo.

Kama kilichoziba ni ngozi tu, akijikamua utaona pametuna. Huyo ana bahati. Piga ganzi, kata ngozi kwa mviringo, vuta ukingo wa puru, yaani mwisho wa utumbo, uushone na ngozi kuzunguka pote. Ukichana tu ukaacha, kidonda kitajifunga tena. Akiwa jike, angalia kama kinyesi kinatokea ukeni.

Tundu likiwepo, vaa glavu, paka mafuta, ingiza kidole taratibu. Ute ukitoka na weusi au ukahawia, kuna kitu kimepita. Ukitoka mweupe mtupu, hata baada ya enema, na tumbo linazidi kujaa, shuku kwamba utumbo mpana umekatika njiani. Pengine kipande kizima hakipo. Inadhaniwa kilikosa damu mtoto angali tumboni. Usiendelee kumkamulia maziwa mdomoni, yataenda wapi? Mpe maji ya mshipani.

Upasuaji wake unahitaji nusukaputi na kufungua tumbo, na shida kubwa ni kuunganisha ncha mbili zisizolingana: ya mbele imevimba, ya nyuma nyembamba kwa kutotumika. Wengi hufa hata kwenye hospitali kubwa za farasi huko Marekani. Sisi, kutoka hapa hadi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, si safari ya mtoto wa siku moja. Mimi humwambia mwenye mali ukweli, tukamlaza mtoto asiamke tena, bila mateso.

Kuna na wale weupe pee wanaozaliwa na farasi wa madoadoa wa Marekani, wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kasoro ya jeni iitwayo EDNRB. Utumbo wao unaonekana mzima, ila hauna neva za kuusukuma. Kisu hakiwasaidii.

Mzee pale nyuma anauliza dume aliyemzaa yule asiye na tundu afanywe nini. Mzee wangu, kasoro hiyo inashukiwa kurithiwa, kwa hiyo usimpandishe tena kwa jike yule yule. Na mtoto akipona, abebe maji, ila akiwa dume, mhasi.