Mwili wa mikato 1,871: namna ya kuuhifadhi na kuugawa

Mabibi na mabwana, nitazungumzia mkusanyiko mmoja tu, Visible Human wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, yaani picha za miili ya binadamu iliyokatwa vipande vyembamba, maana ukiumudu huu, mingine haitakushinda. Mwili wa mwanamume uligandishwa, ukasagwa milimita moja moja, na kila uso mpya ukapigwa picha. Picha 1,871 zilitolewa 1994. Mwaka uliofuata zikaja za mwanamke, 5,189, kila theluthi ya milimita.

Picha moja ya rangi ina pikseli 2,048 kwa 1,216, baiti tatu kila pikseli: karibu MB 7.5. Ukijumlisha picha za CT (za eksirei) na MRI (za sumaku), mwanamume ni GB 15, mwanamke GB 40. Kwa intaneti ya Mbps 10 isiyoyumba, GB 15 ni saa tatu na dakika ishirini, na yetu huyumba. Basi pakua faili moja moja, kwa programu inayoendelea ilipoishia.

Faili hizi ghafi, yaani za pikseli tupu, hazisemi ukubwa wake popote. Ndani kuna nyekundu yote, kisha kijani yote, kisha bluu yote. Ukiiambia programu kwamba rangi zinapishana pikseli kwa pikseli, badala ya picha moja, tuseme ya paja, utaona vipicha tisa vya kijivu, vitatu kwa vitatu. Usiifute, faili ni nzima! Anayegawa picha ghafi aambatanishe maandishi: upana, urefu, mpangilio wa rangi, na umbali kati ya mikato. Huo umbali ukisahaulika, mwanamume hutokea na theluthi ya kimo chake, kwa kuwa pikseli ni theluthi ya milimita lakini mkato ni milimita nzima.

Linalotesa zaidi ni mwanafunzi kutaka mkato wa wima wa uti wa mgongo. Itabidi afungue picha zote, GB 14, achukue mstari mmoja kutoka kila moja. Dawa ni kukata mkusanyiko kuwa michemraba ya pikseli 64 kila upande. Mkato ule sasa unapita kwenye michemraba 570, MB 448 kabla ya kubanwa. Tengeneza pia ngazi, yaani nakala zilizopunguzwa kila upande kuwa nusu, robo na kuendelea. Kwenye robo ni michemraba 40, MB 31. Ngazi zote huongeza takriban sehemu moja ya saba ya ukubwa, gharama ndogo mno kwa faida hiyo.

Za kutazama zibane kwa JPEG. Nakala mama kamwe: JPEG huacha alama za miraba kwenye kingo, na anayechora neva atazichora hizo. Ihifadhi sehemu mbili, moja nje ya jengo, na uihakiki kwa SHA-256, namba inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo, kila inapohamishwa.

Tangu 2019 leseni ya kutumia mkusanyiko huu haihitajiki, kwa hiyo chuo chochote kinaweza kuiweka kwenye seva yake ya ndani, wanafunzi wakaisoma bila kununua bando.