Ukitaka Meli Moja Baharini, Nunua Tatu

Asalaam aleikum wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibana huko mlangoni.

Mshanisikia na maneno haya ya meli za kulinda bahari yetu, na leo nayarudia. Nikitaja meli ya doria tu, mtu huniuliza ina mizinga mingapi. Niulizeni mafuta! Niulizeni gudi, pale meli inapotengenezwa!

Kutoka Mombasa hadi Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, ni kama maili 180 za bahari. Meli ikienda maili 12 kwa saa, hizo ni saa 15, tena bahari imetulia. Mvuvi apige simu saa 11 alfajiri kwamba trola, meli kubwa ya uvuvi, inakokota nyavu, doria ifike saa 2 usiku. Mwizi keshavuka mpaka kitambo, anakula kamba wenu. Kwa hiyo meli iwe huko tayari, ikae. Na meli huchoka. Wajuzi wa kazi hii husema ukitaka moja iwe baharini daima, uwe na tatu: moja kazini, moja gudini, moja inajiandaa. Walinzi wetu wa Pwani walipoanzishwa 2018 walikabidhiwa meli iitwayo Doria, ya mita 54, iliyoundwa Bangladesh. Meli nzuri. Lakini moja!

Walinzi wa Pwani wa Marekani wanaundiwa meli za aina mpya, Heritage, mita 110, na mpango wao ni 25. Ya kwanza, Argus, ilishushwa majini 2023, nayo ilichelewa. Kimbunga Michael kiliipiga karakana yake huko Florida 2018. Mtasema hao wana pesa. Haya, wanazo. Lakini tazameni walichodai: meli ikae baharini siku 60. Mwendo wenyewe ni maili 22 na ushei kwa saa, boti ya magendo inaipita. Kukimbizana ni kazi ya helikopta na boti ndogo.

Atasema mtu, si Wanamaji wana kambi Manda, hapo Lamu? Wako, na kazi yao ni vita. Nani atapanda trola kupima macho ya nyavu? Mmeona boti ya mpira ya kuwapeleka huko ikishushwa ubavuni wakati wa kusi? Meli inalala upande, boti inabembea, inarudi inagonga chuma, na ndani mna watoto wa watu. Meli ikiwa fupi, boti haishuki, basi mnaishia kupiga picha.

Mafunzo, na mpaka wetu wa bahari na Somalia baada ya hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya 2021, nayaruka, muadhini ananitazama. Maswali. Waanze wa Kiunga, wana safari.