Kuweka ruhusa za watumiaji na hatua za idhini ndani ya ERPNext

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutapanga nani aone nini, nani aandike nini na nani aidhinishe nini ndani ya ERPNext, mfumo huria wa kuendeshea biashara unaotengenezwa na kampuni ya Frappe ya India. Tuchukue mfano wa kampuni inayouza vifaa vya ujenzi, yenye ghala moja Dar es Salaam na jingine Mwanza. Hati tutakayoishughulikia ni agizo la ununuzi, ambalo wengi wetu tunaliita LPO, kwa kuwa likishatoka kwenda kwa msambazaji kampuni imejifunga kulipa. Skrini ninayoonyesha ni ya Kiingereza, hivyo nitataja majina ya sehemu kama utakavyoyaona.

Kabla ya kugusa kompyuta, andika kwenye karatasi ni nani anayeandaa LPO, ni nani anayeikagua, na ni kiasi gani cha fedha kinachohitaji sahihi ya mkurugenzi. Kampuni yetu imeamua kwamba hadi shilingi 5,000,000 meneja wa ununuzi anatosha, na zaidi ya hapo lazima mkurugenzi mtendaji aidhinishe. Uamuzi huu ni wa uongozi, si wa fundi wa kompyuta, na ukiona fundi ndiye anayeubuni, simamisha kazi hadi uongozi ukae.

Sasa ingia kwa akaunti yenye jukumu la "System Manager", andika "Role List" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu, kisha utengeneze jukumu jipya uliite Mkurugenzi Mtendaji. Majukumu ya afisa ununuzi na meneja wake yamo tayari kwenye mfumo, nayo ni "Purchase User" na "Purchase Manager". Ruhusa zote tunazipa majukumu, halafu majukumu tunawapa watu, ili mfanyakazi akihama idara ubadilishe jukumu lake tu bila kufumua mpangilio mzima.

Fungua "Role Permissions Manager" na uchague "Purchase Order". Kila jukumu lina visanduku vyake vya kusoma, kuandika, kuunda, kufuta, kuwasilisha, kubatilisha na kadhalika. Kwenye mstari wa "Purchase User" acha tiki za kusoma, kuandika na kuunda. Ukikuta tiki ya "Submit", iondoe, kwa sababu kuwasilisha ndiko kunakoifanya hati iwe rasmi. Ongeza mstari wa Mkurugenzi Mtendaji na umpe kusoma, kuandika na kuwasilisha. Kumbuka kwamba ruhusa za majukumu hujumlishwa: mtu mwenye majukumu mawili hupata ruhusa za yote mawili, na jukumu dogo halipunguzi lolote katika lile kubwa. Ndiyo maana afisa ununuzi aliyeongezewa jukumu la meneja "kwa muda" anabaki na uwezo wa meneja hadi mtu akumbuke kumwondolea.

Hatua inayofuata ni kumfungia mtumiaji ndani ya eneo lake. Fungua "User Permission", chagua afisa wa Mwanza, kwenye "Allow" weka "Warehouse", na kwenye "For Value" chagua ghala la Mwanza. Kuna mwanya hapa: LPO ambayo ghala lake limeachwa wazi bado ataiona. Ukitaka kuuziba, nenda "System Settings" uweke tiki kwenye "Apply Strict User Permissions", ukijua kwamba mpangilio huo unagusa mfumo mzima na si ununuzi peke yake.

Sasa tufike kwenye mtiririko wa idhini wenyewe. Fungua "Workflow", tengeneza mpya, na uchague "Purchase Order". Jedwali la kwanza ni la hali za hati, na majina yake unaweza kuyaandika kwa Kiswahili: Rasimu, Inasubiri Meneja, Inasubiri Mkurugenzi, Imeidhinishwa. Kwenye safu ya "Doc Status", hali tatu za kwanza zipe namba 0, yaani bado ni rasimu, na ya mwisho ipe namba 1, yaani imewasilishwa; mfumo hauruhusu hati iliyofika 1 kurudi 0. Safu ya "Only Allow Edit For" huamua nani anaweza kuihariri hati ikiwa katika hali fulani, kwa hiyo kwenye Inasubiri Meneja weka "Purchase Manager", ili afisa asiweze kubadili bei baada ya kuituma.

Jedwali la pili ni la mapito kutoka hali moja hadi nyingine. Afisa anatuma, meneja anaidhinisha au anairudisha kwenye Rasimu, na mkurugenzi vivyo hivyo. Kwa meneja weka mapito mawili ya kuidhinisha: moja lenye sharti doc.base_grand_total <= 5000000 linalokwenda Imeidhinishwa, na jingine lenye sharti doc.base_grand_total > 5000000 linalokwenda Inasubiri Mkurugenzi. Usiweke koma ndani ya namba, na usisahau ile alama ya usawa, la sivyo LPO ya milioni tano kamili itakwama bila njia. Nimetumia base_grand_total badala ya grand_total kwa makusudi, kwa kuwa LPO ya dola 40,000 ikipimwa kwa dola haifiki 5,000,000 na ingepita kwa meneja peke yake. Base_grand_total hupima kwa sarafu ya kampuni.

Kwenye kila pito la kuidhinisha, ondoa tiki ya "Allow Self Approval", ambayo huja ikiwa imewekwa. Hata hivyo mfumo humhesabu mwenye hati kuwa ni yule aliyeiingiza. Meneja akimwagiza karani amwandikie LPO, mfumo utamruhusu meneja huyo kuiidhinisha, na kinga ya hilo iko kwenye kanuni za ofisi. Weka tiki ya "Is Active" kisha uhifadhi.

Jaribu kwa akaunti za kawaida za majaribio, kila jukumu na akaunti yake, wala usitumie akaunti ya "Administrator", kwa sababu hiyo hupita vizuizi vyote na itakuonyesha kwamba kila kitu kinafanya kazi. Tengeneza LPO tatu: ya shilingi 4,900,000, ya 5,000,000 na ya 5,000,001, uzifuatilie hadi mwisho. Kitufe cha kuwasilisha kitakuwa kimetoweka, na mahali pake utaona menyu ya "Actions".

Meneja akienda likizo, mpe naibu wake jukumu la "Purchase Manager" kwa kipindi hicho na uliondoe siku meneja anaporejea. Nywila ya meneja isipewe mtu yeyote, kwa kuwa kumbukumbu zilizo chini ya kila hati huandika jina la mwenye akaunti, na mkaguzi atakapouliza, jina hilo ndilo litakaloitwa kujibu.