Tazama Juu ya Meseji: Mazungumzo na Wafanyabiashara wa Soko la Kibuye, Kisumu

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa bodaboda mliojibanza mlangoni, karibuni ndani. Najua Kibuye mteja hangoji hotuba, kwa hivyo sitawaweka.

Mimi ni wakala wa M-Pesa, leo nazungumzia wakora wanaotuibia kwa simu, na nitaanza kwa kujianika. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliibiwa elfu saba, mchana, macho yakiwa wazi. Simu ililia: "Wakala, naongea kutoka ofisini. Laini yako inafungwa sasa hivi tusipoihakiki." Nyuma yake nilisikia simu zingine zikilia, watu wakiongea, ofisi kabisa. Bonyeza hiki, bonyeza kile. Nikabonyeza. Kumbe nilikuwa namtumia floti yangu, ile pesa ya kuhudumia wateja, kwa mkono wangu mwenyewe! Hadi leo kinachoniuma ni wale wateja wawili waliokuwa wamesimama mbele yangu. Sikumwambia hata mmoja, "Hebu sikiza huyu anasema nini." Mkora hakunipa nafasi ya kupumua.

Sasa wewe muuza omena. Meseji inaingia: umepokea shilingi 3,500. Hujakaa, mtu anapiga analia, eti amekosea nambari, hiyo ni pesa ya hospitali ya mtoto, mrudishie tafadhali. Usimjibu bado. Tazama juu ya meseji: imetoka kwa nani? Ya kweli hutoka kwa jina MPESA. Ya mkora mara nyingi hutoka kwa nambari ya mtu tu, sifuri saba na kuendelea. Halafu salio. Kama ulikuwa na 412, sasa iwe 3,912. Yeye salio lako hajui, anabahatisha. Na hata ikilingana, usiamini ya kwenye meseji. Ingia kwenye menyu uulize salio mwenyewe.

Iko nyingine mbaya zaidi, ambapo pesa imeingia kweli. Unarudisha kwa roho safi, tena kwa nambari nyingine aliyokupa, kisha yeye anageukia Safaricom, kampuni ya M-Pesa, kudai ile ya kwanza irudishwe. Kwa hivyo jibu ni moja: "Tuma meseji yako ya muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kurudisha pesa." Kata simu. Kama alikosea kweli, kampuni itamshughulikia.

Na anayejiita wa Safaricom? Wao wanapiga kwa 0722 000 000. Lakini hata ukiiona hiyo nambari, pini yako usimpe mtu. 

Mama wa nyuma ameuliza, je, nikishatuma? Swali zuri. Hapo hapo peleka meseji ya muamala kwa 456, kabla mkora hajafika kwa wakala, maana pesa zikishatolewa hakuna cha kurudisha. Kisha nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani kitabu chao cha kuandika matukio. Mimi niliona aibu nikakaa siku mbili. Nilipoenda, pesa ilikuwa imekwisha kuliwa.

Haya, toeni simu. Wenye laini ya Safaricom, bonyezeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Ukiona usiyoijua, usiifiche. Njoo hapa mbele na kitambulisho chako.