Kikombe cha kahawa na mkwara
(Mhadhara kwa wapenzi wa karata, Ngamiani, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Kabla sijaanza: leo dau letu ni komwe za bao, shilingi hazipandi mezani. Anayetaka kuweka fedha sheria inamtaka awe ametimiza miaka 18 na aende kwenye nyumba yenye leseni. Hapa ni barazani.

Sisi tumelelewa na bao. Kete 64, mashimo 32, kila kitu kiko wazi. Ukiliwa, unaliwa unaona. Poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, sivyo. Katika mtindo wa Texas Hold'em kila mtu anaficha karata mbili, na tano za katikati ni za wote. Hizo mbili zinaweza kukutana kwa namna 1,326. Huwezi kuziona, basi unamsoma aliyezishika.

Tatizo letu ni kudhani siri iko usoni. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja tukicheza naye barabara ya nane. Uso wake ukuta mtupu. Lakini vidole! Akipata jozi nzuri alizihesabu komwe polepole, mbilimbili, akazisukuma kwa haya kama mtu anayekuja kukudai. Akiwa hana kitu alizitupa kwa kishindo mpaka nyingine zinaruka jamvini. Ilinichukua miezi kuliona hilo, na komwe zangu nyingi zilikwenda naye. Wacheza poka wa Marekani wanalijua pia: anayejitutumua mara nyingi hana kitu, anayesikitika huku anapandisha dau, huyo mkimbie.

Hata hivyo vidole navyo ni nyongeza tu. Mwaka 2017 huko Pittsburgh, Marekani, programu iitwayo Libratus ilicheza migao 120,000 kwa siku 20 na wachezaji wanne wanaoishi kwa poka, ikawashinda wote. Ile haikuwa na macho ya kumtazama mtu. Ilichokijua ni madau. Na kilichonivutia zaidi ni kazi yake ya usiku: mianya ambayo wale wanne walikuwa wakiipenya mchana, yenyewe ililala ikiiziba. Sijui kama "ililala" ndilo neno. (Kicheko.)

Sasa mkwara, yaani kuweka dau kama mwenye karata nzuri na huku huna kitu. Fungu, yaani dau lililokwisha kuwekwa katikati, lina komwe 10, nawe unaweka 10. Mwenzako akikufuata anatoa 10 ili apate 20, kwa hiyo inamtosha akukute unazuga mara moja katika tatu. Ukipiga mkwara zaidi ya hapo, atakufuata kila mara na atafaidi. Ukipiga pungufu, atatupa karata kila mara, na karata zako nzuri zitakuletea zile komwe 10 za mwanzo tu. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, aliichambua poka tangu 1928, na akaonyesha kuwa mkwara si ujanja wa mtu mwenye tabia mbaya. Umo ndani ya hesabu yenyewe.

Kwa hiyo mnaniuliza: nibadili mtindo lini? Ukishajulikana. Bahili anayetupa karata mgao baada ya mgao, siku akiweka dau zito baraza zima linakimbia. Mkwara wake una thamani. Anayecheza kila karata hana mkwara wa kuuza, ila akipata jozi ya ree atalipwa vizuri, maana hakuna anayemwamini. Nimewaona vijana wakigeuza mtindo kila mgao, wakidhani wanawavuruga wenzao. Wenzao walikuwa wanaangalia simu.

Na yule anayefuata kila dau, mwacheni na mikwara yenu. Subirini karata, mtozeni.

Mimi mwenyewe nilikuwa nasomwa miaka sijui. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne wakati ule, alikuwa akitupa karata zake kila nikiwa na jozi, na kunifuata kila nikiwa mtupu. Nikasema mtoto ana uchawi. Siku moja, baada ya kunimaliza komwe zote, akaniambia, "Mjomba, ukizuga unakishika kikombe cha kahawa. Hunywi. Unakishika tu."

Tangu hapo nakishika kila mgao, karata ziwe nzuri au mbaya, na ili asishuku nakunywa kweli. Sasa hanisomi. Lakini saa nane za usiku mke wangu ananikuta macho kodo, nahesabu makenchi.