Udongo wa Mbuga: Kwa Nini Rangi Haitoshi

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mafundi na wakulima mliotoka Kibaha, Mkuranga na Kigamboni, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, maana foleni za saa kumi na moja katika jiji hili sote tunazijua.

Nitazungumza juu ya aina moja tu ya udongo, ule mweusi tunaouita udongo wa mbuga. Nimeuchagua kwa sababu umewapotosha watu wengi. Mkulima anauona mweusi, anasema hapa pana rutuba. Fundi anaukuta kiangazi, mgumu kiasi cha kurudisha jembe, anasema hapa nyumba itasimama. Wote wameusoma kwa macho. Mimi nasema udongo hautambuliki kwa kipimo kimoja. Unahitaji shimo, unahitaji maabara, na unahitaji kumbukumbu za mvua na joto, na vyote vitatu visomwe pamoja. Sisi mara nyingi tunalipia maabara, shimo tunalichimba harakaharaka, na mvua tunaisahau kabisa.

Tuanze na shimo. Shimo la kuchunguza udongo huenda chini mita moja na nusu, hata mbili ardhi ikikubali. Ukuta mmoja unaachwa wima, unasafishwa kwa kisu, kisha unausoma kutoka juu kwenda chini. Unapima kila tabaka linaanzia wapi na linaishia wapi. Unachukua bonge lenye unyevu, unalilinganisha na kitabu cha rangi cha Munsell. Unaloweka kidogo kiganjani, unakisokota uone kinavutika au kinakatika. Unadondosha asidi hafifu. Ikitoa povu, pana chokaa.

Katika mbuga wakati wa kiangazi utakuta nyufa zinazoanzia juu na kuingia ndani sana. Lakini ushahidi mkubwa uko chini yake. Ukibandua udongo taratibu kwa ncha ya kisu, utaona vipande vyenye umbo la kabari, na nyuso laini zinazong'aa, zenye mikwaruzo iliyoelekea upande mmoja. Nyuso hizo zimesuguana. Mvua ikinyesha udongo unavimba, hauna pa kwenda, bonge moja linateleza juu ya lingine. Kwa hiyo udongo huu unatembea, msimu hadi msimu.

Nawaomba wanafunzi mlishike hili vizuri. Sampuli ikishakaushwa, ikatwangwa na kupitishwa kwenye chekeche la milimita 2, kabari hizo na nyuso hizo hazipo tena. Maabara haiwezi kukupa kitu ambacho mtwangio umekiharibu. Asiyeandika shimoni amepoteza nusu ya udongo wake kabla hata hajalipa ada ya vipimo.

Shimo pia lina mahali pake katika mteremko. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliona katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki unajirudia kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni: mwekundu juu, mweusi chini, na aina za kati zikiunganisha. Mpangilio huo aliuita katena, na wataalamu wa udongo duniani kote wanautumia mpaka leo. Wakulima wa Usukumani walikuwa wanalima kwa kuufuata mteremko huohuo: luseni ya kichanga juu, itogolo chini yake, mbuga bondeni. Sababu ni maji. Yakipita juu yanayeyusha kalsiamu, magnesiamu na silika, yanashuka nazo, yanaziacha chini. Bonde lenye kiangazi kikali halisafishwi. Madini hayo yanajikusanya, na humo ndimo mfinyanzi unaovimba unapoumbwa.

Sasa twende maabara. Kipimo ambacho kila mtu anakiomba ni cha ukubwa wa chembe: mchanga kiasi gani, silti (chembe za kati ya mchanga na mfinyanzi) kiasi gani, mfinyanzi kiasi gani. Udongo unatikiswa na dawa ya kutenganisha chembe, unamiminwa kwenye mtungi mrefu wa kioo, haidromita, chombo kinachoelea na kupima uzito wa maji yenye udongo, inazamishwa. Inasomwa baada ya sekunde 40, mchanga ukiwa umeshazama, kisha baada ya saa 2, wakati kilichobaki kikielea ni mfinyanzi. Ili udongo uingie kwenye kundi la kimataifa la Vetisoli, ambamo mbuga zetu nyingi zimo, mfinyanzi usipungue asilimia 30.

Tatizo ni kwamba asilimia ya mfinyanzi haikuambii ni mfinyanzi gani. Wengi wenu mnazifahamu kaolini za vilima vya Pugu, udongo mweupe unaochimbwa kwa ajili ya vyombo na viwanda. Kaolinaiti, madini ya kaolini hiyo, ni mfinyanzi uliotulia. Matabaka yake yameshikana, maji hayapenyi katikati, kwa hiyo hauvimbi kwa kiasi cha kutisha. Smektaiti, yaani mfinyanzi unaovimba wa mbuga, ni tofauti. Matabaka yake yameshikana kwa nguvu ndogo, na maji yakiingia katikati yanaachana kama kurasa za daftari lililoloa. Haidromita haizitofautishi hizi mbili. Itakwambia asilimia 50 hapa na asilimia 50 pale, na ripoti zitafanana.

Kinachozitenganisha ni uwezo wa udongo kushika virutubishi, unaopimwa kwa sentimoli, kizio cha maabara, katika kila kilo. Tufanye hesabu ya mfano. Udongo wa kwanza una mfinyanzi asilimia 50 na uwezo wa 6. Wa pili una mfinyanzi asilimia 50 hiyohiyo na uwezo wa 40. Gawa kwa kiasi cha mfinyanzi: wa kwanza unapata 12 kwa kilo ya mfinyanzi, wa pili 80. Chini ya 16 tuko kwenye udongo uliochakaa kwa mvua za maelfu ya miaka. Ukifika 80, na ukikumbuka kutoa mchango wa mboji, ambayo nayo hushika virutubishi, smektaiti imejitambulisha yenyewe. Ni kugawanya tu, hakuhitaji mashine mpya, na bado nasoma ripoti nyingi ambazo namba zote mbili zimeandikwa na hakuna aliyezigawa. Inaniuma, kwa sababu mteja alishalipia jibu.

Na weusi? Mboji hupimwa kupitia kaboni, kwa njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934: daikromati ya potasiamu na asidi ya salfuriki kali vinaunguza kaboni, na rangi ya chungwa inaelekea kijani. Mbuga nyingi zinatoka na kaboni ndogo, mara nyingi karibu na asilimia 1. Weusi wake unatokana na mboji kidogo iliyoshikamana sana na smektaiti, si na wingi wa mboji. Ndiyo maana mkulima analima udongo mweusi na mahindi yanageuka njano kwa njaa ya naitrojeni. Udongo huo una kalsiamu tele, una maji mengi, lakini naitrojeni inabidi uilete wewe.

Sasa hali ya hewa, sehemu inayoachwa nyuma. Watu wananiuliza, mvua inahusiana nini na jina la udongo? Inahusiana sana. Katika mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo, Vetisoli inagawanywa kwa kuhesabu siku ambazo nyufa zinakaa wazi katika mwaka wa kawaida. Zikifika siku 90 au zaidi, hilo ni kundi moja. Zisipofika, ni kundi jingine. Mtu aliyekuja kuchimba shimo siku moja ya Agosti ameuona ufa, lakini hakuona umefunguka tangu lini. Anayejua ni mwenye kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa, mwezi kwa mwezi, na ikiwezekana kwa miaka 30.

Wala jumla ya mwaka haitoshi. Dar es Salaam inapata kama milimita 1,100, zikigawanyika kati ya vuli na masika, na Aprili ikiongoza. Dodoma inapata chini ya 600, karibu zote katika msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kisha ukame mrefu. Mfinyanzi uleule ukiwekwa sehemu hizi mbili utapasuka kwa muda tofauti, utalimika kwa wiki tofauti, utapasua ukuta kwa namna tofauti. Ndiyo maana tunalinganisha mvua ya kila mwezi na kiasi cha maji ambacho jua na mimea vingeweza kuyatoa ardhini. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huhesabu msimu wa kilimo kuanzia pale mvua inapofikia nusu ya kiasi hicho. Joto la udongo kwetu pwani ni jambo rahisi: kwa kina cha sentimita 50 wastani unazidi nyuzi 22 na haubadiliki sana mwaka mzima. Tunaliandika na kuendelea.

Kwa mafundi niseme hivi. Nyumba juu ya mbuga haipandi na kushuka yote kwa pamoja. Kiangazi pembeni panakauka, katikati chini ya sakafu panabaki na unyevu. Pembe inashuka, katikati hapashuki, na ufa unatokea juu ya dirisha. Maji ya bafuni yakimwagwa upande mmoja wa nyumba, mwendo huohuo unatokea hata bila msimu. Kabla ya kuongeza nondo, uliza maji yanakwenda wapi.

Historia yetu ina mfano mzito. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1947 matrekta yalikuwa yanashushwa kwenye bandari hii ya Dar es Salaam mpaka ikazidiwa, yakapelekwa Kongwa. Udongo wa Kongwa si mbuga, ni mwekundu, laini mvua zinapoanza. Lakini mvua zikikatika unaganda kama saruji, na punje za mchanga mkali zilizomo zinakula vyuma vya mashine. Karanga hutoa ua juu, kisha kikonyo kinashuka kuingia ardhini, na tunda linakomaa humo. Walipotaka kuvuna, tunda lilikuwa limefungiwa. Mvua nazo hazikuja kama ramani ilivyotarajia. Mpango ulifutwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 zikapotea. Mashimo machache yaliyochimbwa kiangazi, haidromita, na kumbukumbu za mvua zilizosomwa kwa uangalifu vingeonyesha jambo hilo mapema.

Naishia hapa kwa upande wangu. Kulikuwa na maswali mengi, nitaandika moja, la mama mmoja kutoka Mkuranga aliyenunua ekari tano kwa ajili ya mikorosho. Aliambiwa apeleke maabara mfuko mmoja wa udongo wa juu.

Mama, mfuko huo utakupa pH, yaani kipimo cha uchachu, na rutuba ya sentimita 20 za juu, ni mwanzo mzuri. Lakini mkorosho mizizi yake inakwenda chini sana, na kule kwenu udongo ni wa kichanga juu. Swali lako kubwa ni kama kuna tabaka gumu chini ya mchanga au maji yanayotuama masika. Gawa shamba kwa mteremko, juu, kati na chini. Kila sehemu chimba shimo moja la mita moja na nusu, na kwenye sehemu ya chini rudi ulitazame tena Aprili. Chukua sampuli kila tabaka, si kila futi, kama kilo moja. Anika kivulini, usianike juani wala kwenye mfuko wa mbolea uliotumika, maana mabaki ya mbolea yatasomeka kama udongo wako. Andika kwenye karatasi jina la shamba, namba ya shimo, kina na tarehe, weka karatasi moja ndani na nyingine nje ya mfuko. Halafu nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa ukaombe mvua za kituo kilicho karibu nawe, kwa mwezi, si kwa mwaka. Ukivipata vyote hivyo, vipeleke kwa mtu mmoja avisome kwa pamoja.